Ndege nyuki juu ya mashamba yetu: maji yanapita wapi, udongo unakwenda wapi

Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi kilichopita, baada ya Misa ya pili, ukuta mweupe wa ukumbi wa parokia moja ya jimbo letu uligeuzwa kuwa mahali pa kuonyeshea picha. Haikuwa filamu ya maisha ya watakatifu, wala picha za jubilei. Ilikuwa picha moja kubwa ya eneo la parokia na mashamba yanayolizunguka, iliyounganishwa kutokana na mamia ya picha ndogo zilizopigwa siku chache kabla na ndege isiyo na rubani, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita ndege nyuki kwa ajili ya mvumo wake. Watoto walishangilia kila walipotambua paa la nyumba yao. Watu wazima nao walishangilia mwanzoni, kisha wakanyamaza.

Walinyamaza kwa sababu ya korongo. Chini ya eneo la kanisa, katika shamba la mama mmoja mjane ambaye kila mtu parokiani anamfahamu, lipo korongo ambalo limekuwa likipanuka mwaka hadi mwaka. Kwa muda mrefu viongozi wa walei walishikilia kwamba chanzo chake ni njia ya mifugo iendayo lamboni, na barua ya malalamiko iliwahi kupelekwa serikali ya kijiji dhidi ya wafugaji. Nasi tunaoandika makala haya tulikuwamo katika kikao kilichoiandika barua hiyo. Sasa, pale ukutani, kompyuta ilikuwa imechora kwa rangi ya buluu njia ambazo maji huzifuata kutoka juu kwenda chini, na mstari mnene kuliko yote haukuanzia kwenye njia ya ng'ombe. Ulianzia katika ua wa kanisa, ukakusanya maji ya paa la kanisa, la ukumbi na la shule ya awali, ukapita kando ya pango la Bikira Maria, ukashuka moja kwa moja hadi kwa yule mama.

"Baba Paroko," alisema mama huyo, bila hasira, "kumbe maji yanatoka kwenu."

Tangu siku hiyo tumeulizwa maswali mengi na waamini wa vigango mbalimbali: ndege hizo hufanyaje kazi, zinaweza kumsaidia nini mkulima wa ekari mbili au tatu, zinagharimu nini, na je, sheria inaruhusu? Wapo pia waliouliza kama Kanisa halina mambo mengine ya kushughulikia. Kwa swali hili la mwisho jibu letu ni fupi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja dunia kuwa nyumba yetu sote, na waraka huo unaizungumzia teknolojia kwa pande zote mbili: kama tunda jema la akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu, na kama nguvu inayoweza kukusanywa mikononi mwa wachache. Pande zote mbili zitajitokeza hapa chini. Maswali yaliyobaki yanahitaji maelezo ya kina zaidi.

Hesabu ambayo macho hayaioni

Tuanze na maji. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Mvua kubwa ya alasiri moja, tuseme milimita 40, huangusha juu ya ekari hiyo lita zaidi ya 160,000. Paa la kanisa lenye mita za mraba 600 hupokea katika mvua hiyohiyo lita 24,000, na kwa kuwa bati halinywi maji, karibu zote hufika chini kwa mkupuo, katika muda usiozidi saa moja. Ongeza ua uliofagiliwa kila Jumamosi hadi ukawa mgumu kama sakafu, nao una mita za mraba elfu kadhaa. Hapo mtu ataelewa kwamba korongo la yule mama halikuwa fumbo hata kidogo. Lilikuwa ni hesabu ambayo hatukuwa tumeifanya.

Hesabu ya namna hiyo ilikwisha kufanywa zamani, tena hapa hapa katikati ya nchi yetu. Katika miaka ya 1930, watafiti wa kilimo huko Mpwapwa walitenga vipande vya ardhi yenye mteremko mdogo na kupima kiasi cha maji na udongo kilichotoka katika kila kipande. Kipande kilichoachwa kitupu bila mmea wowote kilipoteza takriban nusu ya mvua yote iliyokinyeshea, pamoja na udongo unaozidi tani 100 kwa hekta kwa mwaka. Kilichopandwa uwele kilipoteza takriban robo ya mvua. Kilichofunikwa na majani kilipoteza chini ya sehemu mbili kwa mia, na udongo wake ukabaki mahali pake. Ni mvua ileile, udongo uleule, mteremko uleule. Tofauti ilikuwa ni kile kilichoufunika udongo.

Na udongo wenyewe huondoka polepole mno kiasi cha kumdanganya mkulima. Milimita moja ya udongo, unene usiofika hata ule wa sarafu, ikiondoka juu ya ekari moja ni mita za ujazo nne, yaani tani zaidi ya tano. Hakuna mkulima anayeamka asubuhi akaona kwamba shamba lake limeshuka kwa milimita moja. Anachoona ni kwamba mahindi ya upande ule wa juu yamekuwa manjano, na mwakani yamekuwa manjano tena, naye husema ardhi imechoka. Mara nyingi ardhi haikuchoka. Ile tabaka ya juu yenye mboji imehama, na jembe sasa linalima tabaka iliyokuwa chini yake.

Wakazi wa Kondoa wanalifahamu jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Majani na miti vilirudi, na yeyote apitaye huko leo aweza kuona vilima vilivyofunikwa na vichaka pale palipokuwa na makorongo mekundu. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Familia zilizokuwa zikiishi kwa maziwa na samadi zililazimika kuwapeleka mifugo wao kwingine, na mzigo wa malisho ukahamia kwa majirani. Tunalitaja hili mapema kwa sababu kila chombo cha kuhifadhi ardhi, kiwe amri au kiwe ndege, hatimaye humgusa mtu fulani mwenye jina na mwenye watoto.

Ndege hiyo hufanyaje kazi

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ina mapangaboi manne au zaidi, huruka na kutua wima kama helikopta, na betri yake moja huiweka angani dakika 20 hadi 30 hivi. Hiyo ndiyo tunayoiona katika harusi. Ya pili ina mabawa kama ndege ya kawaida. Hukaa angani kwa muda mrefu zaidi na kufikia mashamba makubwa, ila huhitaji uwanja wa kutulia. Kwa shamba la parokia au mashamba ya jumuiya moja, ile ya kwanza hutosha.

Rubani, ambaye husimama chini na kidhibiti mkononi, haiendeshi kwa kubahatisha. Huichorea njia katika programu, nayo huenda na kurudi juu ya shamba kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayelima kwa plau, ikipiga picha kila baada ya hatua chache. Siri yote imo katika kupishana kwa picha hizo: kila picha hurudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, kwa kawaida asilimia 70 hadi 80. Jiwe moja, basi, huonekana katika picha nyingi, kila moja ikiliona kwa pembe yake. Kompyuta hutambua kwamba ni jiwe lilelile, na kwa kulinganisha pembe hizo hukokotoa lilipo na lina kimo gani, kama vile macho yetu mawili yanavyotuwezesha kujua kikombe kiko umbali gani mezani. Ikifanya hivyo kwa mamilioni ya nukta, hutoa vitu viwili: ramani-picha iliyonyooka, ambayo mtu aweza kupima juu yake urefu na eneo, na kielelezo cha mwinuko, kinachosema kila nukta iko juu au chini kiasi gani. Kutokana na hicho cha pili ndipo huchorwa mistari ya kontua na njia za maji.

Ndege ikiruka mita 100 juu ya ardhi, kila nukta ya picha huwakilisha sentimita tatu au nne hivi za shamba. Tulinganishe na setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti: nukta yake moja ni mita 10 kwa 10, nazo hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku tano hivi. Kwa kuangalia wilaya nzima inavyokauka, setilaiti yatosha na hakuna haja ya kulipa mtu. Lakini mfereji mdogo wenye upana wa hatua moja, ambao miaka mitatu ijayo utakuwa korongo, setilaiti hiyo haiuoni. Ndege nyuki huuona.

Zipo pia kamera za namna nyingine. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi ule mwanga usioonekana kwa macho uitwao infraredi; jani lililodhoofika hurudisha kidogo. Kamera inayopima mianga hiyo miwili huweza kuonyesha sehemu dhaifu za shamba kabla jicho la mkulima halijazitambua. Kamera ya joto nayo hutumia jambo jingine: mmea hujipoza kwa kutoa mvuke kupitia vitundu vya majani, na unapokosa maji hufunga vitundu hivyo, hivyo jani hupata joto. Katika kilimo cha umwagiliaji, picha ya joto iliyopigwa mchana jua likiwa kali huonyesha ni majaruba yapi au ni mistari ipi haifikiwi na maji, hata kama majani bado yamesimama. Nchini Msumbiji, mradi mmoja ulioanza mwaka 2014 uliwafundisha vijana wa huko kurusha ndege hizo na kuwapelekea wakulima wadogo ramani za mashamba yao, ili mkulima aelekeze maji, mbolea na jembe pale palipohitajika. Kinachotuvutia katika mfano huo ni kwamba warushaji walikuwa watu wa palepale, waliozungumza lugha ya wakulima.

Hapa nyumbani pia hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege nyuki, eneo linalozidi kilomita za mraba 2,300. Anayedhani kwamba kazi hii ni ya wageni peke yao na aukumbuke mfano huo.

Lini irushwe

Hili ndilo ambalo wengi hulikosea, na kwa maoni yetu ni muhimu kuliko aina ya kamera. Anayetaka kujua umbo la ardhi na njia za maji airushe mwishoni mwa kiangazi, mabua yakiwa yameondolewa na mvua haijaanza. Picha hupiga kilicho juu tu. Ikirushwa mwezi wa tatu juu ya mahindi yaliyosimama, kompyuta itapima vilele vya mahindi na kuviita ardhi, na kontua zitakazotoka zitakuwa kontua za mahindi. Chini ya miembe au mapori mazito hali ni hiyohiyo. Huko kunahitajika chombo kipimacho kwa miale ya leza, nacho bei yake ni ya juu mno kwa parokia.

Safari ya pili yenye faida ni siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza. Hapo vijifereji vipya bado viko wazi, na mchanga ulioshuka umetandazwa chini ya mteremko kama kipepeo. Maji yameandika njia yake yenyewe, na hakuna haja ya kubishana. Tena, ukiilinganisha picha ya mwaka huu na ya mwakani, unaweza kupima kiasi cha udongo kilichotoka. Korongo la yule mama lilipimwa hivyo: urefu wa mita 60, upana wa wastani mita moja na nusu, kina cha wastani mita moja. Hizo ni mita za ujazo 90, yaani karibu tani 117 za udongo, safari 17 za lori la tani saba. Waamini waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Wengi wao wamejenga nyumba na wanajua lori la tani saba ni nini.

Isichoweza kufanya

Ndege nyuki haijui chochote kuhusu uchachu wa udongo, wala kiasi cha naitrojeni au fosforasi kilichomo, wala kama kuna tabaka gumu sentimita 20 chini ambalo maji hayapenyi. Ikionyesha doa jekundu katikati ya shamba la alizeti, haisemi doa hilo limetokana na ukosefu wa maji, au wadudu wa mizizi, au mbegu iliyopandwa kwa kuchelewa kwa sababu mwenye shamba alikuwa msibani. Kazi yake ni kusema, nenda ukachimbe hapa. Mkulima achukue jembe, achimbe shimo la kina cha goti, aushike udongo, autazame. Akihitaji vipimo vya maabara, ramani itamsaidia kuchagua mahali pa kuchukua sampuli, badala ya kuchanganya udongo mwema na mbovu katika mfuko mmoja. Na maabara za udongo tunazo, kama ile ya kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Tanga, na ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Aidha, vipimo vya kimo huwa na makosa makubwa kuliko vipimo vya upana. Kwa korongo haidhuru. Lakini katika skimu ya mpunga, ambamo tofauti ya sentimita tano huamua jaruba lipi litakuwa na maji na lipi litakauka, picha bila alama zilizopimwa ardhini kwa kifaa makini cha GPS zaweza kupotosha. Mtoa huduma asiyetaka kuweka alama hizo, au asiyeweza kueleza kwa nini hazihitajiki, msimpe kazi ya kusawazisha majaruba.

Ramani ni ya nani

Katika milima ya Uluguru, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuhifadhi udongo na mito. Lakini matuta hayo yalipochimbwa katika miteremko mikali yalifukia udongo mzuri na kuutoa juu udongo usio na rutuba. Kazi ilikuwa nzito, mavuno yakashuka, na waliokaidi walitozwa faini. Mwaka 1955 wananchi waliinuka kupinga, ghasia zikatokea Matombo, na mradi ukaachwa. Wataalamu walikuwa na ramani na walikuwa na vipimo. Hawakuwa wamemsikiliza mtu aliyekuwa akilima mteremko ule tangu enzi za babu yake.

Huko Machakos nchini Kenya mambo yalikwenda njia nyingine. Nako katika miaka ya 1930 ardhi ilisemwa kuwa imekufa, nako kulikuwa na shuruti za kikoloni. Lakini baadaye wakulima wenyewe walichagua aina ya matuta yaliyowafaa, yale ya fanya juu, ambayo mtu huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, kisha mvua na kilimo husawazisha ngazi polepole mwaka hadi mwaka. Walifanya kazi hiyo kwa vikundi vyao vya mwethya, wanawake wakiwa wengi. Watafiti waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1948 na 1978 waliona matuta yameenea ingawa watu walikuwa wameongezeka sana. Picha za angani, basi, si jambo geni. Kilichobadilika ni kwamba zamani zilihitaji ndege ya serikali, na leo zinahitaji kisanduku kinachobebwa mgongoni.

Na wala hekima ya kuyazuia maji haikuanzia Machakos. Wamatengo wa Mbinga huchimba ngoro, mashimo yaliyozungushiwa matuta na kutandikwa majani chini ya udongo, juu ya miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda. Zikitazamwa kutoka juu hufanana na sega la asali. Hatujui ndege nyuki ingewafundisha nini Wamatengo.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba parokia au kikundi kinapomwita mtoa huduma, makubaliano yaandikwe: picha na ramani zibaki mali ya wenye mashamba, nakala ikabidhiwe kijijini, na mtoa huduma asiziuze wala kuzitumia kwa jambo jingine bila ruhusa. Ramani inayoonyesha mipaka, visima na rutuba ya kila shamba ni kitu ambacho mnunuzi wa ardhi angelipa fedha nyingi kukipata. Ndege hiyo huona pia nyua za watu, nguo zilizoanikwa, mabafu yasiyo na paa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kabla ya sheria kuna adabu: kutangaza kanisani, msikitini na katika mkutano wa kijiji siku na saa ya kuruka, na kumwacha nje ya ramani asiyetaka. Kuhusu anga yenyewe, kibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na si hiari. Kijana mwenye ndege aliyoletewa zawadi kutoka ughaibuni asiirushe juu ya mashamba ya jumuiya kwa kisingizio kwamba ni kazi ya Kanisa.

Juu ya gharama, hatuoni sababu ya parokia kununua. Ndege huharibika, betri huzeeka, programu hulipiwa. Ni heri mashamba yanayopakana yapigwe picha kwa pamoja siku moja, gharama ikagawanywa kwa ekari. Tena maji hayatambui mipaka ya hati. Ramani ya ekari mbili peke yake haionyeshi maji yanakotoka. Ndiyo maana jumuiya ndogo ndogo, ambazo kwa kawaida ni majirani wa mteremko mmoja, zinafaa kwa kazi hii kuliko mtu mmoja mmoja.

Yaliyofuata

Pale parokiani, ramani iliwekwa kando na watu wakatoka na kipimo cha mbao chenye umbo la herufi A, kamba yenye jiwe ikining'inia katikati, kifaa ambacho fundi yeyote hukitengeneza kwa misumari mitatu. Kompyuta ilikuwa imesema mstari wa kontua upite wapi. Kipimo cha mbao kilithibitisha, na mahali pawili kikaikosoa, kwa kuwa ndege ilikuwa imepima kilele cha kichuguu na kichaka cha mnyaa. Mambo zikapigwa. Mifereji ya bati ilifungwa katika paa la kanisa na la shule, na tangi likajengwa, ambalo halitatosha kwa mvua kubwa lakini litapunguza. Ua haufagiliwi tena wote; nusu yake imeachwa iote majani, jambo ambalo baadhi ya akina mama wa WAWATA bado wanaliona kuwa uchafu, nasi hatujafaulu kuwashawishi.

Mfereji wa kuchepusha maji ndio umeleta shida. Njia bora ilipita pembeni mwa shamba la mzee mmoja asiye mwamini wetu, naye alikataa, akiuliza kwa haki kabisa kwa nini apokee maji ya kanisa. Baada ya vikao vitatu alikubali kwa masharti kwamba mfereji upandwe majani ya tembo pande zote mbili, na kwamba majani hayo ayakate yeye kwa ng'ombe wake. Mwenyekiti wa wafugaji alikuja katika kikao cha tatu. Alisomewa barua ya pili, ile ya kuifuta ya kwanza.

Yule mama aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu: "Na udongo wangu ulioondoka?" Sehemu yake imo katika lambo, imechanganyika na udongo wa watu wengine wengi, sehemu ilikwisha kupita mtoni. Halmashauri ya parokia imekubali kumpelekea samadi kwa misimu mitatu na kuleta mawe ya kujengea vizuizi ndani ya korongo ili lianze kujaa. Yeye alisema mitatu ni michache. Jambo hilo limewekwa katika ajenda ya kikao kijacho, na ndege itarushwa tena siku mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza.